Mbwa Asiye wa Burhani

Burhani wa Bilele alikuwa ameapa mambo mawili mbele ya Mzee Omary wa Kagoma, na kwa jinsi alivyoyapanga maneno yake, yote mawili aliyatimiza. La kwanza, hatapika nguruwe. La pili, hatashika kamba ya mbwa. Alikuwa mwangalifu katika viapo kama alivyokuwa mwangalifu na chumvi, hakuzidisha hata chembe.

Viapo hivyo havikuzuka tu. Burhani alikuwa mpishi wa Bwana Hadson, Bwana Shamba wa Kizungu, aliyezunguka na kofia yake pana kukagua mibuni ya watu kutoka Bukoba mpaka Muleba, akifunua majani kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Ilikuwa miaka ile Mjerumani ameshaondoka, Mwingereza amekaa, na vita vingine havijaja. Kazi ya jikoni kwa Mzungu ilikuwa kazi ya kuvaa kanzu nyeupe na kushiba. Kijana wa namna hiyo, nadhifu, mwenye nyumba ya bati Bilele, angeweza kuoa popote alipopenda. Taabu ni kwamba alipenda mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa kwa Mzee Omary.

Mzee Omary alikuwa na duka Kagoma, njiapanda, na mbele ya duka baraza, na juu ya baraza mkeka ambao nusu ya watoto wa Kiislamu wa pande zile walisomea juzuu huku wakisinzia. Baba yake alitoka pwani na misafara, akaonja ndizi za Kihaya, akasahau njia ya kurudi. Mwenyewe alizaliwa hapohapo, akazeeka hapohapo, lakini mtu akimuuliza kwao wapi, alielekeza kidole mashariki kwa huzuni, kana kwamba meli ingemfuata kesho. Binti zake wakubwa walikuwa wameolewa, mmoja Mwanza na mwingine Tabora. Nyumbani alibaki Mwamvita, mwenye macho ya kucheka na mdomo wa kunyamaza, na mchanganyiko huo ulimkosesha Burhani usingizi tangu alipomwona akipima sukari.

Aliyekwenda kuposa ni Ashura, shangazi yake Burhani, mwanamke ambaye angeweza kumuuzia mvuvi maji ya ziwa. Mzee Omary alimsikiliza vizuri. Aliuliza habari za ukoo, akajibiwa. Aliuliza habari za sala, akajibiwa. Kisha akauliza kama katika nyumba ya Mzungu huyo hamna nguruwe na mbwa. Shangazi Ashura akasema wamo, lakini wamo kama mwezi ulivyomo mbinguni, mtu anauona tu, haugusi. Mzee Omary akasema hilo angependa kulisikia kwa mwenyewe. Ndipo Burhani akapanda lori la kahawa mpaka Kagoma, akaapa.

Na siku alipoapa hakuwa akisema uongo. Nyama ya nguruwe, ile ya vipande vyembamba ambayo Bwana asipoila asubuhi hawezi kukagua hata mbuni mmoja, aliikaanga Lameki, Mlutheri wa Muleba, kwa kikaango chake na jiko lake, huko nyuma ya nyumba. Lameki huyohuyo ndiye aliyemtembeza mbwa. Mbwa aliitwa Reksi. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya chai yenye maziwa, masikio yamelala, akili imelala zaidi. Alikuwa na upendo mwingi usiochagua, lakini aliyempenda kuliko wote ni Burhani, kwa sababu Burhani alinukia mchuzi.

Kisha Lameki akaanguka homa.

Memsabu, mke wa Bwana, alikuja mwenyewe jikoni na kamba ya ngozi mkononi. Alieleza kwa kirefu. Mbwa atembezwe asubuhi na jioni, afike ufukweni, na kamba isiachiwe hata kidogo, kwa maana Reksi akiona kitu chenye mkia hajui tena jina lake. Burhani akasema ndiyo, Memsabu. Akaipokea kamba kwa kitambaa cha kupakulia, kama mtu anayeshika mpini wa sufuria ya moto, na Memsabu akafurahi kuona kijana anavyojali usafi.

Kufika nyuma ya ua wa michongoma, Burhani akatoa koleo. Lilikuwa koleo la jikoni, la kushikia makaa, amelificha ndani ya koti. Kwa ustadi wa mtu aliyezoea kugeuza kaa jekundu bila kumwaga majivu, alikifungua kishikizo shingoni mwa Reksi, akaining'iniza kamba juu ya michongoma, akaondoka zake. Mtu asiye na kamba hawezi kuambiwa ameshika kamba. Nyuma yake mbwa akafuata, lakini mbwa ana miguu yake, na njia ilikuwa ya serikali.

Hivyo ndivyo Bilele ilivyoanza kumwona Burhani akitembea asubuhi na jioni, mikono nyuma, macho mbele, na mbwa wa Kizungu hatua chache nyuma yake. Burhani akisimama, mbwa anasimama. Burhani akikata kona, mbwa anakata kona. Mama mmoja muuza maandazi alivumilia siku kadhaa, mwisho akamuuliza huyo mbwa ni wake.

"Mbwa gani?" Burhani akauliza. Akageuka, akatazama, akashangaa kwa heshima. "Aa. Huyu naona anaelekea ziwani."

Ufukweni Reksi aliwafukuza korongo, ambao walimngoja afike karibu ndipo wakaruka, kwa madaha, kama wanawake wanaompisha mlevi. Alimfukuza kenge, na kenge akaingia majini bila kuharakisha. Asubuhi moja alimkuta kiboko bado anakula majani pembeni mwa nchi kavu. Reksi alisimama. Alifikiri, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifikiri. Kisha akarudi kwa mwendo wa adabu, akajificha nyuma ya kanzu ya Burhani. Siku hiyo tu ndipo Burhani alipokiri kimoyomoyo kwamba wanafahamiana. Walirudi haraka, mmoja mbele, mmoja nyuma, na aliyekuwa mbele hakuwa Reksi.

Basi mtu akishazoea kuwa kila siku mbwa huenda na kurudi, huanza kudhani ndivyo mbwa walivyo.

Ikafika safari ya Bwana ya kukagua mibuni ya Kagoma. Walipanda wote, Bwana, Memsabu, Reksi, masanduku, Burhani na Lameki, wakafikia resthausi ya serikali. Lameki alikuwa amepona, ila homa yake ilikuwa imebakia miguuni. Mikono ilikaanga, mdomo ulisimulia, lakini akitajiwa kumtembeza mbwa magoti yalilegea. Alikuwa ameona kwamba kazi ile imepata mwenyewe, na Lameki hakuwa mtu wa kumnyang'anya mwenzake riziki.

Kwa Burhani, safari hiyo ilikuwa ya maisha yake. Shangazi Ashura alikuwa amempelekea habari kwamba Mzee Omary yuko tayari kutoa jibu, na anataka kulitoa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, juu ya baraza lake, mbele ya majirani. Jibu la namna hiyo likiwa zuri, halivunjiki. Likiwa baya, hali kadhalika. Asubuhi ya miadi Burhani alioga mpaka akapauka, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake, akavaa kofia ya kazi ya mkono, akajitazama katika sinia la Memsabu. Alipokuwa anatoka, Memsabu akatokea ukumbini na kamba. Kwa kuwa Burhani anatoka, alisema, basi atoke na Reksi, mbwa hajanyoosha miguu tangu jana.

Mtu anaweza kumkatalia Memsabu, lakini hufanya hivyo mara moja tu. Burhani akatoa kitambaa.

Penye kona ya migomba, koleo likafanya kazi yake. Ila safari hii Burhani hakuondoka hivihivi. Alimgeukia Reksi, akamwonya. Alimwambia kwamba leo ni leo, kwamba mambo ya watu wazima hayamhusu mbwa, na kwamba akimfuata mpaka kule kwa mkwe atamwekea pilipili kwenye uji. Kisha akamalizia kwa lugha ya Bwana: "Sidauni." Reksi akakaa. Akakaa vizuri kabisa, mkono mmoja umenyooka, kama picha. Burhani akaenda, akageuka, mbwa amekaa. Akaenda tena, akageuka, mbwa amekaa. Alipopotelea ng'ambo ya kona, upepo ulivuma kutoka rweya, ile mbuga ya majani mafupi nje ya vibanja vya migomba ambako kina mama hulima njugu mawe, na upepo ule ukaleta harufu. Reksi hakumfuata Burhani. Kwa hilo tu, mbwa alitii.

Barazani mambo yalianza vyema. Mzee Omary aliketi mkekani, majirani wawili watatu wamekaa pembezoni, Waislamu kwa Wakristo. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa kama desturi ya Wahaya, kisha vikombe vidogo vya kahawa nyeusi kama desturi ya huko kidole kilikoelekea. Burhani alichukua punje za kahawa kwa mikono miwili. Alimwita Mzee baba. Nyuma ya pazia la mlango wa duka palikuwa na ukimya, na Burhani aliujua ukimya ule ni wa nani.

Mzee Omary hakuwa na haraka. Alizungumzia bei ya chumvi, akazungumzia ujana wa siku hizi, akarudi kwenye chumvi. Kutoka rweya zilisikika kengele za mbao za mbwa wa kuwindia na sauti za watu. Mzee Omary akakunja uso. Alisema Rugaibula na wawindaji wake wako huko tangu majuzi na makundi yao ya mbwa, kelele usiku na mchana, najisi imezagaa mpaka kisimani. Nguruwe mwitu mmoja, dume zee, alikuwa anafukua njugu za watu tangu mvua zianze. Alipofika hapo Mzee alitega sikio, kwa namna ya mtu ambaye kelele hizo hazimpendezi lakini hataki zimpite.

Kisha akamuuliza Burhani kama yule mbwa wa Bwana wake bado yupo.

Burhani akasema nadhani yupo.

Kilichotokea rweya saa hiyo kilisimuliwa baadaye na kila mtu, hasa wale ambao hawakuwepo. Rugaibula, mzee wa wawindaji, alikuwa ametega nyavu, na mbwa wake walijua vizuri nguruwe alipolala, katika kichaka kando ya kijito. Walijua vizuri hivi kwamba kila wakifika pale walizunguka na kubweka upande mwingine. Walikuwa mbwa wenye uzoefu na familia. Reksi hakuwa na uzoefu. Alifika kutoka upande wa barabara, hana kengele, hana kamba, mkia unazunguka, akaingia kichakani moja kwa moja kama mgeni aliyeitwa chakula. Kichaka kikatikisika. Nguruwe akatoka. Wengine walisema nguruwe alikuwa mbele na Reksi nyuma. Wengine walisema Reksi alikuwa mbele na nguruwe nyuma, lakini katika uwindaji hilo si neno, mradi mnyama ametoka. Alipita kando ya wavu mmoja, akaupasua wa pili, akakata rweya hadi kwenye shamba la njugu, na hapo mikuki ikamkuta.

Barazani Mzee Omary alikuwa ameshasafisha koo. Alikuwa ameshasema, "Basi, mwanangu Burhani," na neno mwanangu lilikuwa limeshatua juu ya mkeka, watu wote wamelisikia, wakati Reksi alipokuja mbio barabarani, matope mpaka kwenye kope, sikio limechanika kidogo, moyo umejaa. Hakuangalia kulia wala kushoto. Alifika mbele ya baraza, akajilaza chini, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Burhani kilichovuliwa hapo.

Burhani alitazama juu, kwenye paa. Lilikuwa paa zuri.

Nyuma ya mbwa wakaja wawindaji. Mbele yao alikuwa Rugaibula, amevaa gwanda kuukuu la askari na miguu mitupu, na nyuma yake watu wawili wamebeba kitu juu ya machela ya majani ya migomba. Rugaibula alisimama mbali na mkeka, kwa heshima ya mkeka. Akamsalimia Mzee Omary, akawasalimia majirani, akaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo. Alisema hakuja kwa ubaya. Nguruwe ameuawa, nyavu zinakunjwa, nyama inagawanywa, lakini kuna fungu moja halina mwenyewe, akafunua jani moja kwenye machela. Kwa wawindaji wa Kagoma, mbwa aliyemwinua mnyama, yaani aliyemtoa mafichoni, hulipiwa mguu wa mbele, na mguu huo hupokewa na aliyekuja na mbwa, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Akishapokea, akaupeleke anakotaka. Usipopokewa, mbwa wote wa kundi hupoteza pua zao, hawanusi tena. Basi wamemfuata mbwa awaonyeshe bwana wake, waitu, akasema kwa heshima ya Kihaya, na mbwa amewaonyesha.

Macho yote yakashuka mpaka kwenye kiatu.

"Si wangu," akasema Burhani.

Rugaibula akasema huenda, lakini mbona mbwa amelala hapo. Burhani akasema mbwa hulala popote. Mwindaji mmoja akasema alimwona kijana huyuhuyu akiongea na mbwa huyuhuyu penye kona ya migomba, na walionekana kuelewana. Burhani akasema hajawahi kuongea na mbwa. Rugaibula akauliza kwa upole, ili asimkosee mtu, kwamba basi kweli kabisa hamjui. Burhani akasema hamjui. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na Wakristo waliokuwapo barazani walitazamana, kisha wakautazama ua wa Mzee Omary kama kuna jogoo.

Rugaibula akatikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kusikitika. Alisema basi jambo limekuwa rahisi, kwa maana mbwa asiye na mwenyewe akiinua mnyama huwa wa wawindaji. Akatoa begani kamba ya gome na kengele ya mbao, akamfunga Reksi shingoni kwa mapenzi ya mtu aliyetamani mbwa jasiri maisha yake yote na kupewa waoga. Akamvuta. Reksi akainuka, akatembea hatua chache, kengele ikalia. Akageuka kumtazama Burhani. Kisha, kwa kuwa aliambiwa asubuhi na hakuna aliyemwambia vingine, akakaa.

Burhani alihesabu upesi, kama mpishi anayeona sufuria mbili zinafurika na ana mkono mmoja. Akirudi resthausi bila mbwa, hana kazi. Asiye na kazi hapewi mke na Mzee Omary. Akimdai mbwa, ana kazi, lakini mwapa viapo hana tena uso, na asiye na uso hapewi mke na mtu yeyote. Njia zote mbili zilimfikisha palepale, ila moja ilipita kwa mbwa aliyekaa pale barabarani akimngoja aseme neno.

"Mwacheni," akasema. "Mbwa ni wa Bwana. Aliyekuja naye ni mimi." Kisha akamgeukia Mzee Omary. "Lakini kamba sikushika, baba."

"Hukushika."

"Sikushika hata siku moja. Nilimfungua kwa hili." Akatoa koleo kotini, akalilaza mkekani.

Mzee Omary alilitazama koleo kwa muda mrefu. Alikuwa msomi, na maishani mwake alikuwa amekutana na watu wengi waliotafuta mlango wa nyuma katika sheria, lakini hakuna aliyewahi kufika na ufunguo wa chuma namna hii. Majirani walikuwa wanatafuna kahawa kwa nguvu ili wasicheke.

"Kwa koleo," akasema Mzee.

"Kwa koleo, baba."

Mzee Omary akavuta kanzu yake, akajiweka sawa, na kila aliyemjua alijua kwamba neno linalokuja sasa ndilo lile lisilovunjika. Midomo yake ilikuwa imeshafunguka.

Nyuma ya pazia sauti ya Mwamvita ikasema, taratibu, kama anayeuliza bei ya kibiriti:

"Babu Rugaibula, huyo mnyama ameangukia wapi?"

Rugaibula akatazama vidole vyake vya miguu. Alijibu kwamba ameangukia kwenye njugu.

"Njugu za nani?"

Kagoma nzima ilijua njugu zile za nani, na Kagoma nzima ilikuwa na adabu. Kwa maana kulikuwa na fungu jingine katika desturi ya wawindaji, fungu la shamba. Mnyama akianguka katika shamba la mtu, mguu wa nyuma ni wa mwenye shamba, naye huupokea kwa mdomo wake mbele ya watu kama mwenye mbwa. Miaka yote nguruwe walipoangukia kwenye njugu za Mzee Omary, Rugaibula hakumsumbua mzee wa watu. Aliupeleka mguu kimyakimya kwa Benigna, jirani Mlutheri, na Benigna alikuwa amenawiri sana. Mzee Omary aliona njugu zake zinapona, akamshukuru Mungu, na hakuuliza. Lilikuwa jambo zuri kwa wote, na lilihitaji kitu kimoja tu, kwamba mtu asiulize kwa sauti.

Sasa mtu ameuliza kwa sauti, mbele ya wawindaji wote, na fungu likishatajwa haliwezi kurudi kwenye ukimya.

"Ni za baba yako, waitu," Rugaibula akasema, kwa huzuni ya kweli, akawapungia mkono watu wa machela. Jani la pili likafunuliwa.

Ikawa mguu mmoja uko mbele ya Burhani na mguu mwingine uko mbele ya Mzee Omary, na nzi hawakubagua. Mwalimu wa juzuu na mwapa viapo walikaa mkeka mmoja, kila mtu na wake. Mzee Omary alisema kwa sauti ya chini kwamba fungu hilo hawezi kulipokea. Rugaibula akasema anaelewa sana. Ila wawindaji hawatakanyaga tena shamba ambalo mwenyewe ameukataa mguu, si kwa hasira, ni kwa kuogopea pua za mbwa, na yule aliyekufa ana ndugu zake huko kijitoni, wengi, wenye afya. Mzee Omary akafikiria njugu. Uso wake ulionyesha zote, safu kwa safu.

Kisha Rugaibula, ambaye alikuwa mtu mwema, akakumbuka kitu. Alisema kuna mlango mmoja tu ambao wazee waliuacha wazi. Mwenye fungu anaweza asilipokee, na isihesabiwe kuwa amekataa, kama anampa mkwe wake. Lakini mkwe lazima awepo hapo, kwa miguu yake. Mkwe wa Tabora hafai. Wala wa Mwanza.

Alipomaliza kusema, aligeuka kutazama rweya, kana kwamba kule kuna jambo.

Koleo lilikuwa bado mkekani, katikati. Pazia halikutikisika hata kidogo, na pazia lisilotikisika namna ile lina mtu anayelishika. Hata Reksi alikaa kimya, kengele yake imenyamaza.

"Mpeni mkwe wangu," akasema Mzee Omary.

Alilisema kwa Kiswahili, na kwa kuwa baadhi ya wawindaji hawakuwa hodari wa Kiswahili, Rugaibula alimwomba alirudie kwa Kihaya, ili desturi itimie. Akalirudia. Majirani wote walisikia katika lugha zote mbili, na Kagoma hakuna neno lililowahi kufungwa vizuri zaidi ya hapo.

Burhani akainuka. Akalichukua koleo, akaugusa mguu wa kwanza kwa ncha yake, akasema amepokea. Akaugusa wa pili, akasema amepokea. Rugaibula alilitazama koleo lile kidogo, akasema wazee hawakutaja koleo, lakini pia hawakulikataza. Akamfungua Reksi, mkono ukachelewa kidogo juu ya kichwa chake.

Miguu yote miwili ilibebwa na wawindaji mpaka resthausi, Burhani akitembea mbele, mikono nyuma. Lameki aliipokea kwa furaha, na magoti yake yakapona palepale. Bwana Hadson alikula siku kadhaa, na alipoambiwa kwamba Reksi ndiye aliyemwinua yule mnyama, alisema siku zote alijua mbwa huyu ana damu ya mashujaa. Memsabu aliuliza mbwa aliwezaje kufukuza nguruwe akiwa kwenye kamba. Lameki akaeleza kwamba Burhani alikimbia pamoja naye. Memsabu akamtazama Burhani kwa macho mapya, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kazi ya kumtembeza mbwa ni ya Burhani peke yake, daima.

Harusi ilifanyika baada ya mavuno ya kahawa. Mzee Omary alitoa mawaidha marefu juu ya ukweli katika viapo, na watu walimsikiliza wakitazama chini. Mwamvita alipoulizwa na shangazi Ashura kama siku ile alikusudia, alisema yeye aliuliza tu mnyama kaangukia wapi, maana binti lazima ajue mambo ya shamba la baba yake. Alikwenda Bilele na masanduku yake, akalikuta koleo limetundikwa ukutani mahali pa heshima, akalishusha, akaligeuzia makaa.

Na kila mwaka, njugu zikianza kukomaa, dereva wa lori la kahawa aliteremka Bilele na salamu kutoka Kagoma. Mzee Omary hajambo, anawasalimu wote, anauliza hali ya binti yake, na njugu zake zinafukuliwa tena. Na kama mkwe ana nafasi, aje kumwona mkwewe. Asije peke yake.